Gitaa Linalopigwa kwa Mikono, Miguu na Magoti

Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, ukitazama magharibi kutoka Mbamba Bay, Tanzania, kuna mji wa Malawi uitwao Nkhata Bay, na huko anaishi mwanamuziki Gasper Nali. Ala yake ni babatoni ya kujitengenezea: mti mrefu wa karibu mita 3, waya mmoja tu, na chini yake kitako cha kukuza sauti. Mkono mmoja hupiga waya kwa kijiti, mkono wa pili huteleza juu ya waya huohuo na chupa tupu ya bia, na mguu haupumziki kwa sababu una ngoma yake ya ngozi ya ng'ombe. Malawi hiyohiyo imetoa Madalitso Band, vijana wawili walioanzia barabarani Lilongwe na baadaye wakapanda jukwaa la Sauti za Busara kule Zanzibar, nao pia muziki wao umesimama juu ya babatoni.

Je, wajua kwamba kanuni inayoendesha waya huo mmoja ndiyo inayoendesha gitaa moja gumu na ghali kupita karibu magitaa yote duniani? Wamarekani hulipigia nyimbo za kantri, zile tulizozizoea redioni kwa akina Jim Reeves na Don Williams. Tuliite gitaa la pedali. Halivaliwi begani. Linasimama kwa miguu yake, mpigaji hukaa nyuma yake kwenye kigoda, na viungo vyake vyote hupewa kazi: mkono wa kulia hudonoa nyuzi, wa kushoto hutelezesha chuma, mguu wa kushoto hubonyeza pedali, wa kulia huongeza na kupunguza sauti, na magoti yote mawili husukuma nyenzo zinazoning'inia chini ya meza.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Urefu wa waya ulio huru kutetema ndio unaoamua noti; ukiukata katikati, noti hupanda oktava nzima. Gitaa la kawaida lina freti, vile vijiti vya chuma vilivyopachikwa shingoni, ambavyo huukata waya mahali palepale siku zote. Chupa ya Nali haina mahali maalumu. Huukata waya popote, hata katikati ya noti mbili, na ndiyo maana sauti yake hulia na kuomboleza badala ya kupanda ngazi.

Kwa upande wa gitaa, historia humtaja zaidi kijana wa Hawaii, Joseph Kekuku, ambaye mwishoni mwa karne ya 19 alililaza gitaa mapajani na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Mtindo huo ulienea Marekani kwa kasi hata gitaa la kwanza la umeme kufanikiwa sokoni, lile la George Beauchamp na Adolph Rickenbacker la mwaka 1932, halikuwa la kushikwa kifuani. Lilikuwa la kulazwa mapajani, la alumini, na kwa umbo lake watu wakalibandika jina la kikaango.

Chuma kina kasoro moja, nayo ni kwamba kimenyooka. Kikiwa juu ya nyuzi 6 au 8, zote hupanda pamoja na kushuka pamoja. Mpigaji akitaka uzi mmoja upande huku wenzake wakitulia, hana la kufanya. Wapigaji wa zamani walijitetea kwa kuongeza shingo: gitaa moja likawa na shingo 2, 3, hata 4, kila moja imetuniwa kivyake. Pedali zilikuja kuwaondolea mzigo huo. Fundi Paul Bigsby wa California, mtu wa mashine na pikipiki, alimtengenezea mpigaji Speedy West gitaa la pedali mwaka 1948, na mwaka 1954 wimbo wa Webb Pierce uitwao "Slowly" ukabadilisha kila kitu. Bud Isaacs, mpigaji kwenye wimbo huo, alibonyeza pedali wakati noti bado inalia. Kabla ya hapo wengi walitumia pedali kubadilisha tyuni kwanza, kisha ndipo wapige. Isaacs aliwaacha wasikilizaji wasikie uzi mmoja ukipanda ndani ya sauti ya wenzake, na tangu siku hiyo hakuna aliyetaka kupiga kwa namna nyingine.

Ukichungulia chini ya gitaa hili utadhani ni baiskeli iliyopinduliwa. Pedali inavuta ufito, ufito unazungusha mhimili, mhimili unavuta ufito mwingine mwembamba, na mwisho wake kuna kidole cha alumini ambacho uzi umepita juu yake. Kidole kikizunguka kidogo, uzi unakazika na noti inapanda. Ni mfumo uleule wa breki za fito za baiskeli ya Phoenix, isipokuwa hapa fito zinaweza kuwa ishirini na zaidi na kosa la unywele husikika. Tyuni ya kawaida ya Nashville ina nyuzi 10 zilizokusanyika kwenye E meja. Bonyeza pedali mbili za kwanza: nyuzi za B zinapanda hadi C kali, za G kali zinapanda hadi A, za E hazigusiki. Umehama kutoka E meja kwenda A meja na chuma hakijasogea hata milimita.

Afrika haikusubiri kualikwa. Mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alirekodi Kapkatet, Kenya, wimbo wa Wakipsigis kuhusu Chemirocha, ambaye si mwingine ila Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyekuwa na gitaa la Hawaii katika baadhi ya santuri zake. Nigeria ilikwenda mbali zaidi. Demola Adepoju alipiga gitaa la pedali katika bendi ya King Sunny Adé, na ni yeye anayesikika kwenye wimbo "Graceland" wa Paul Simon, wa mwaka 1986. Anayedhani chombo hiki ni cha wavaa kofia pana peke yao asikilize kwanza jùjú, muziki wa King Sunny Adé.

Tuje kwa watengenezaji. Ukiwaweka pamoja, magitaa yao hufanana kiasi kwamba mgeni hatajua lipi ni la nani: meza ndogo inayong'aa, miguu minne, safu ya pedali. Wauzaji husifu mbao na rangi. Mimi nasema rangi ni ya wapiga picha. Kinachowatenganisha mafundi hawa ni jambo moja lisiloonekana dukani: ukiachia pedali, uzi unarudi palepale ulipotoka, au unarudi karibu na hapo?

Sho-Bud ya Nashville, iliyoanzishwa miaka ya 1950 na Shot Jackson na Buddy Emmons, ni miongoni mwa kampuni zilizolitoa gitaa hili mikononi mwa fundi mmojammoja na kulifanya bidhaa. Magitaa yao yanajulikana kwa mbao nzuri na kwa alama za karata, kopa na shupaza na wenzake, zilizopachikwa kwenye ubao wa shingo. Mwaka 1963 Emmons, ambaye wengi bado humhesabu kuwa mpigaji mkubwa kuliko wote, aliondoka na kuanzisha kampuni ya jina lake pamoja na Ron Lashley huko Burlington, North Carolina.

Gitaa la Emmons la miaka ile lilikuwa na mfumo wa kusukuma na kuvuta. Noti ikipandishwa, kidole huvutwa, ikishushwa, husukumwa, na kikitulia huegemea kizuizi imara cha mwili wa gitaa. Wapenzi wake huapa kwamba mgusano huo ndio siri ya sauti yake kavu na ya wazi, na wanalinunua hadi leo kwa bei inayopanda. Nimesikiliza rekodi nyingi, na ninakubali kuna kitu pale. Lakini kulirekebisha ni adhabu. Kurekebisha noti moja kunaweza kuvuruga nyingine, na kazi hufanyika chini ya meza, kichwa kikiwa kimeinama.

Mfumo ulioshinda ni wa kuvuta tu. Kupanda na kushuka vyote huvutwa, springi hurudisha, na kila badiliko lina nati yake ndogo ya nailoni pembeni mwa gitaa. Ukiona noti ya pedali imepungua, unachukua kifunguo, unazungusha nati, umemaliza. Mullen, Zumsteel ya Bruce Zumsteg, Franklin iliyotengenezwa na baba yake mpigaji Paul Franklin, na karibu wote wanaotengeneza leo wamejenga juu ya wazo hilo, kila mmoja na ujanja wake wa springi na mihimili. MSA ya Dallas, ya akina Maurice Anderson, ilikwisha kufungwa, ikafufuka, na ikaja na mwili wa nyuzi za kaboni badala ya mbao. Japani nako Mitsuo Fujii, chini ya jina la Excel, alipambana na adui ambaye wengine walimzoea tu.

Adui huyo ni kunepa kwa meza. Nyuzi 10 huvuta kwa nguvu kubwa. Ukibonyeza pedali unaongeza mvuto, mwili wa gitaa unapinda kidogo sana, na nyuzi ambazo hukuzigusa zinashuka. Kipimo chake ni senti, sehemu ya mia ya nusu-toni. Gitaa zuri hushuka senti 2 au 3, na sikio halijui. Likishuka 10, kila mtu katika chumba anajua kuna kitu kibaya, hata kama hawezi kukitaja.

Senti hizo zinamhusu mtu wa Mbinga, hapa Ruvuma, kuliko anavyofikiri. Kwaya inayoimba bila kinanda huwa haiimbi kwa tyuni ya kinanda: noti ya tatu ya meja huteremka yenyewe karibu senti 14 mpaka itulie na wenzake bila kutetema. Wapigaji wa gitaa la pedali wengi hutuni vivyo hivyo kwa sikio, kwa hiyo gitaa lisilorudi palepale litagombana na waimbaji kila ubeti. Mtengenezaji mzuri humpa mnunuzi namna ya kurekebisha noti zinazozaliwa pedali na wenzo vikitumika pamoja. Mtengenezaji wa bei rahisi humwachia mnunuzi avumilie.

Kuna na hali ya hewa. Mbinga mjini ni juu zaidi ya mita 1,000, kwenye baridi ya milima ya Wamatengo. Mbamba Bay iko ufukweni, chini ya mita 500, na kati yao ni barabara ya kilomita 66. Chuma hurefuka kikipata joto, uzi unalegea, noti inashuka, na nyuzi nene na nyembamba hazishuki sawasawa. Anayepiga Mbinga Jumamosi na Mbamba Bay Jumapili atatuni upya lazima. Kwenye mfumo wa kuvuta tu ni kazi ya dakika chache. Kutu nayo ipo, ingawa heri Nyasa yenye maji baridi kuliko chumvi ya Zanzibar. Vumbi la kiangazi ni baya zaidi: weka mafuta mepesi, tone kwa tone, na usiguse grisi, kwa sababu hunasa vumbi na kuwa msasa kwenye mihimili.

Kuhusu mbao, zinazotumika zaidi ni mepo (maple) ngumu ya Amerika Kaskazini. Mpingo wa Namtumbo na Tunduru, fahari ya mkoa huu wa Ruvuma, huenda Ulaya kutengenezwa klarineti na zumari za okestra. Kwa meza yenye nyuzi 10 ungekuwa mzito mno. Na uzito ni jambo la kufikiria. Gitaa la shingo mbili pamoja na kasha lake laweza kupita kilo 30, na shingo ya pili, ile ya tyuni ya C6 yenye harufu ya jazi, wanunuzi wengi huishia kuitumia kuegemeza mkono.

Bei ya gitaa jipya la daraja la juu ni dola elfu kadhaa, na mafundi wengine wana foleni ya kusubiri. La mtumba lililotunzwa halina aibu. Pitisha ukucha juu ya vidole vya alumini: ukisikia mifereji iliyochimbwa na nyuzi, punguza bei au ondoka. Kisha washa kipima-tyuni, piga uzi wa nne wa E peke yake, bonyeza pedali mbili za kwanza na utazame sindano inashuka senti ngapi. Achia. Rudia mara kadhaa, na kila mara itazame inaporudi. Dakika hizo zitakwambia zaidi ya maneno yote ya muuzaji.

Kama fedha ingekuwa yangu, ningenunua la shingo moja, nyuzi 10, mfumo wa kuvuta tu, pedali 3 na nyenzo za magoti zisizopungua 4. Magitaa ya wanafunzi yenye wenzo mmoja nayakataa hata kwa nusu bei, kwa kuwa baada ya muda mfupi utakuwa unatafuta jingine. Jina la fundi lije baada ya hayo. Na ukiagiza, agiza pamoja nalo dazeni ya nyuzi za tatu, maana uzi huo mwembamba wa G kali ndio hukatika kwanza, na Mbinga hutaupata dukani.