Kupima Dhiki ya Mwanafunzi wa Uuguzi kwa Lugha Nyingine

Mwanafunzi wa uuguzi aingiapo wodini kwa mara ya kwanza hukutana na mambo ambayo darasani aliyasikia tu: damu, maumivu, na kifo. Wako wanaolemewa hata wakaacha mafunzo. Chuo kinachotaka kuwatambua mapema huhitaji kipimo, na kwa kuwa wasiwasi hauna mizani wala kipimajoto, kipimo hicho huwa ni hojaji, yaani orodha ya maswali ambayo kila jibu lake hupewa alama.

Mojawapo ni hojaji iitwayo KEZKAK, iliyotolewa mwaka 2003 na Zupiria na wenzake katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Jina hilo ni la Kibaski, na maana yake ni mambo yatiayo wasiwasi. Ilitungwa kwa Kihispania na Kibaski, nayo ina vipengele 41. Mwanafunzi huulizwa humtia wasiwasi kiasi gani kujichoma sindano yenye vijidudu vya maradhi, kukosea dawa, kupewa amri zinazopingana, au kukaa na jamaa wa mgonjwa anayekata roho. Hujibu kwa alama kuanzia 0 hadi 3.

Je, chuo cha nchi nyingine chaweza kuitafsiri tu na kuitumia? La. Utaratibu uliozoeleka, aliouchunguza Richard Brislin mwaka 1970, ni kwamba mtu mmoja hutafsiri, kisha mwingine, asiyepata kuyaona maswali ya asili, huirudisha tafsiri katika lugha ya kwanza. Matini mbili zikilinganishwa, neno lililopotoka huonekana. Lakini njia hiyo hainasi swali lililofika salama kwa maneno likapotea kwa maana. Msomaji atazame tena kipengele cha jamaa wa mgonjwa. Mahali ambapo ndugu huja saa ya kutazama wagonjwa tu, kukaa nao ni jambo la nadra, nalo laweza kutisha. Mahali ambapo ndugu ndio wanaomlisha mgonjwa na kumwogesha, wapo kitandani pake kila siku, na huenda wakawa nafuu kwa mwanafunzi badala ya mzigo. Alama 2 ya huku si lazima iwe sawa na alama 2 ya kule.

Gumu zaidi ni swali ambalo halimo kabisa. Kijana aliyelelewa kutomtazama mzee akiwa uchi huagizwa kumwogesha mtu wa rika la babu yake. Hojaji isipomwuliza hilo, atapata alama ndogo, na chuo kitamhesabu kuwa mtulivu. Ndiyo maana yapasa wanafunzi wa mahali hapo waulizwe kwanza yaliyowasibu wodini. Na tafsiri ikiisha kufanywa, waeleze kwa maneno yao wamelielewaje kila swali.

Hesabu huja baadaye. Hojaji hujaribiwa kwa kundi la wanafunzi, hurudiwa baada ya majuma machache, na hukokotolewa alfa ya Cronbach ya mwaka 1951, ambayo huonyesha kadiri majibu yanavyokubaliana. Namba hiyo huaminiwa kupita kiasi. Hupanda kwa wingi wa maswali tu. Tena majibu yaweza kukubaliana vizuri kabisa, kumbe yanapima adabu ya mwanafunzi asiyethubutu kumlaumu mkufunzi wake kwa maandishi, hasa ikiwa mkufunzi huyo ndiye akusanyaye karatasi. Afadhali karatasi ziandikwe namba badala ya majina, na daftari la namba hizo lishikwe na mtu asiyetoa maksi.