Mtogwa, Krismasi na Mtu Aliyeacha Pombe: Kweli au Uongo?

Desemba, mabasi ya kutoka Dar es Salaam yakishusha watu Iringa na Mbeya, mvua imeshashika. Aliyeacha pombe anarudi nyumbani na begi la zawadi, na kila mlango una kauli yake ya kumkaribisha.

"Kunywa, mwanangu, mtogwa si pombe."

Uongo, na ndio unaoponza wengi. Mtogwa ni ulanzi mbichi, utomvu wa mwanzi. Mgema hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, akatega mbeta, chombo cha mwanzi cha kukingia, kisha hurudi asubuhi na jioni kuuchonga tena mkato ule. Kinachodondoka ni kitamu kweli. Lakini chachu iliyobaki kwenye mbeta haisubiri mtu: ulanzi huanza kuchacha ukiwa bado juu ya mwanzi. Mtamu wa asubuhi huweza kulevya jioni, na ukilala unakuwa mkangafu, yaani ulanzi mkali. Kilabuni hakuna anayeupima. Kwa aliyeacha, hata harufu yake na kopo la plastiki mkononi vyaweza kuamsha hamu iliyolala.

"Mwaka mzima hajagusa, moja haimdhuru."

Uongo. Mwili umepoteza uzoefu, hamu haijapotea. Akirudia kipimo chake cha zamani, kitamwangusha haraka kuliko zamani.

"Anayetaka kuacha aache leo leo, ni nia tu."

Huu ni uongo unaoua. Mtu anayekunywa pombe ya komoni au gongo kila siku tangu asubuhi, akikata ghafla mkesha wa Krismasi, huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege huweza kumshika ndani ya saa 48. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huweweseka, wakaona wadudu ukutani na kuongea na wasiokuwepo. Hapo ndipo jirani husema karogwa, na mgonjwa hupelekwa kwenye maombi huku saa zinakwenda. Mpelekeni hospitali kwanza, iwe ya wilaya, ya mkoa Iringa au ya kanda pale Mbeya: zipo dawa za kutuliza hali hiyo, pamoja na vitamini B1. Mchungaji atamkuta wodini.

"Viroba vilipigwa marufuku, shida imekwisha."

Uongo. Marufuku ya Machi 2017 iliondoa vipakiti vya plastiki vya pombe kali. Chupa ndogo zipo dukani.

"Kukataa kinywaji ni kumdharau mwenyeji."

Nusu kweli. Huku pombe ndiyo shukrani ya walioalikwa kulima, ndiyo hutangulia posa, hutolewa hata msibani. Mzee akikunyooshea kopo, anakupa nafasi katika ukoo. Kwa hiyo usingoje lijazwe ndipo ukatae mbele za watu. Sema mapema, mlangoni: "Baba, nimeacha, naomba chai." Chai ya Mufindi au ya Rungwe ikipokewa kwa mikono miwili haimvunjii mtu heshima. Ila kilabuni usipite, hata "kusalimia tu". Salamu za kilabuni haziishi.

"Sikukuu ni hatari kuliko siku nyingine."

Kweli. Hela ipo, kazi hakuna, na rafiki wa zamani wapo wote. Mpe ndugu mmoja unayemwamini nauli yako ya kurudi akutunzie, na umwombe atoke nawe kila jioni.

Nawe mwenyeji, chemsha chai na uweke maziwa mgando mezani kabla mgeni hajafika. Akisema hanywi, usimuulize mara ya pili.