Kina Kimebaki, Neno Limepotea

Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Je, mkuu mwenyewe akiwa hasikii?

Ndugu msomaji, nilishuka Ikutha, kwenye barabara itokayo Kibwezi kwenda Mutomo na Kitui, kumjulia hali mzee aliyefanya kazi bandarini Mombasa pamoja na marehemu baba yangu. Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa ameacha kwenda barazani. Akiulizwa la mbuzi hujibu la mvua, vijana wakacheka. Safari hii nilimkuta uani, kidude kidogo nyuma ya sikio.

"Shikamoo, mzee!" nilipaza sauti.

"Marahaba. Usipige kelele, mwanangu. Hata zamani sauti nilizisikia. Maneno ndiyo sikuyapata."

Jawabu hilo lilinirudisha chuoni, alikotutandika mwalimu mpaka tukatenganisha sini na shini, tha na swadi. Herufi hizo mlio wake ni mwembamba, nao uzee hupenda kuanza na milio ya namna hiyo. Irabu ni nene, hubaki. Mtu huambiwa saa, taa au paa, naye akaambulia "aa" tu. Kwa lugha ya sisi washairi, kina kimebaki, neno limepotea.

Vifaa vingi vya zamani vilikuza vyote pamoja: neno, upepo na kishindo cha sufuria. Mwaka 1996 makampuni ya Denmark, Widex na Oticon, yalitoa vifaa vya kuvaa sikioni vya kidijitali kamili. Humo sauti hugeuzwa tarakimu, ikagawanywa mafungu, na kila fungu likakuzwa kwa kadiri ya upungufu wa mvaaji. Ndiyo maana sharti mtu apimwe kwanza. Kilichorekebishwa kwa sikio la jirani hakimfai. Vya leo hujaribu hata kutenga usemi na kelele, ingawa penye zogo bado hulemewa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu milioni 430 wanahitaji msaada wa usikivu, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Lakini kifaa peke yake hakitoshi. Cha mzee hula betri ndogo mfano wa kifungo cha shati, ambayo haimalizi wiki mbili, naye humngoja mwanawe azilete kutoka Nairobi. Zikichelewa, hurudi kwenye upweke wake.

"Mbuzi hawana neno la kuniambia," alisema. "Nikiwa nao nakizima. Akija mtu, nakiwasha."

Siku ile alikuwa na betri moja tu, nayo imo ndani. Nilipoaga, hakukizima mpaka nilipovuka ua.