BULANGETI YA VIPANDE: NAMNA YA KUSHONA UKUMBUSHO WA JAMAA



Tangu tulipotundika kazi yetu ku ukuta wa chumba cha kushonea, wengi wamekuja kutuuliza. Wasichana wanauliza namna tulivyoifanya. Wavulana wa mwaka wa mwisho wao wanacheka: «Viraka ni vya mtu asiye na nguo, ninyi munavitundika kama picha!» Tunawajibu wote hapa mara moja, juu tumechoka kurudilia maneno yale yale.

Tuanze na wale wanaocheka. Kule Kasai, kwa Wakuba, wanaume wanafuma nguo ya rafia, na wanawake wanaitia nakshi kwa sindano. Kuna namna moja ambamo wanakata nyuzi fupi fupi mpaka nguo inakuwa na manyoya laini, ndiyo watu wanaita veluru ya Kasai. Lakini rafia ni ngumu, lazima kuitwanga ilainike, na ikitwangwa inatoboka. Wenye kuchunguza mambo haya wanasema viraka vilianza kwa kuficha matundu yale, kiisha vikawa urembo wenyewe, hata mahali pasipo tundu. Leo nguo zile ziko katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani. Basi kiraka si haya.

Tena kuna Harriet Powers, mama mweusi wa Georgia, Marekani, aliyezaliwa mtumwa mwaka wa 1837. Alishona habari za Biblia kwa vipande vya nguo: Adamu na Eva, Kaini na Abeli, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Yesu, picha 11 zote pamoja. Mwaka wa 1886 kazi ile ilionyeshwa kwa watu katika mji wa Athens. Mwanamke mmoja mwalimu wa picha alitaka kuinunua, yeye akakataa. Nyuma ya miaka kidogo umasikini ulimshinda, akaomba dola 10, akapewa 5. Lakini mbele ya kuiacha alieleza maana ya kila picha, na yule mnunuzi akaandika. Halafu alirudi mara nyingi kuitazama tu. Sasa iko Washington. Sisi habari hii ya kurudi kutazama ilitugusa kuliko zingine zote.

Sasa kazi yenyewe. Ni nguo ya tabaka tatu: juu vipande, katikati bulangeti iliyozeeka, chini shuka. Kila mmoja wetu alileta kitu cha kwao. Kulikuwa vifungo vya shati la nkambo, tai ya baba, kitambaa cha kichwa cha wamama wa kwaya, kipande cha kitenge cha tarehe 8 ya mwezi wa tatu, leso ya siku ya ubatizo.

Kwanza fua vyote na kupiga pasi, hata vile vipya. Kitenge kipya kinajikunja kikipata maji, na rangi yake inaweza kutoka. Paka kitambaa cheupe chenye maji juu yake. Kikichukua rangi, fua tena. Sisi tulisahau kipande kimoja chekundu, na sasa leso ile ya ubatizo ina doa la waridi. Mwenye leso alisamehe, lakini haikuwa siku ileile.

Panga vipande juu ya sakafu, uviache siku mbili tatu, utazame toka mbali. Hapana haraka. Ukiona vizuri, funga tabaka zote kwa mishono mirefu ya muda, kiisha anza mishono midogo ya kubaki. Usiache nafasi kupita upana wa mkono pashipo mshono, sababu bulangeti ya ndani itakusanyika fashi moja kama mto. Pahali penye nguo nzito mashini itavunja sindano tu, tumika na mkono.

Kwa kuifanya iwe na mabonde na vilima, zipo namna nyingi: kukunja, kukusanya nguo kwa uzi mmoja wa kuvuta, kuchomoa nyuzi za pembeni zibaki kama ndevu. Picha ya karatasi usiishone, utaitoboa. Fanya mfuko mdogo uitie ndani. Chuma usitie hata kidogo, kutu inakula nguo.

Kilichotupa taabu kuliko vyote kilikuwa kikwembe kimoja. Mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake akiwa angali mtoto mdogo. Siku ya kugawanya vitu jamaa walichukua vyote, kikabaki kikwembe kile tu, kwa mama mdogo wake. Alipokileta tulichukua makasi, akakirudisha kifuani. «Kikwembe ya mama, mi siikate.» Wengine wakasema basi akibebe nyumbani, kazi ni ya vipande. Tulisumbuana mchana mzima, tukasema na maneno mabaya.

Mama Mwalimu hakukata shauri, aliuliza tu: «Nani alisema ni lazima kukata?» Kikwembe kina yadi 2, karibu metre 1,80. Ukikikunja kunjo nyembamba nyembamba, moja juu ya ingine, nguo mara tatu kila fashi, kinabaki sentimetre 60. Ndivyo tulivyofanya. Tulikishona pembeni tu, kwa uzi mmoja mweupe unaoonekana wazi, ili siku akikitaka avute uzi, akipate kizima. Kunjo zile zilisimama kama mashamba ya mlimani, na zikawa pahali pazuri kupita pote.

Kikwembe kilikuwa na alama ya kuungua ya pasi ya makaa. Tulitaka kuificha chini ya kifungo, mwenzetu akakataa. Siku mama mdogo alipokuja kutazama, alisimama kimya, kiisha akatia kidole palepale. «Hapa, ni mimi niliunguza. Dada alinichapa.» Akacheka, akalia, akakaa juu ya benchi mpaka kengele ya saa sita.

Kwa kutundika, shona mfuko mrefu nyuma, juu kabisa, upitishe fimbo. Misumari inapasua nguo. Usitundike penye jua. Ikipata vumbi ipeleke nje uikung'ute polepole, usiifue ku jiwe. Nyuma tulishona majina ya wote walioleta vitu, na majina ya wenye vitu, walio hai na waliokufa. Kona moja imebaki wazi, juu wawili kati yetu hawajaleta vyao.