Buckskin Gulch: Ukiona jua, usidhani uko salama

Jua linawaka, juu hakuna hata wingu. Kwenye korongo la Buckskin Gulch, mpakani mwa majimbo ya Utah na Arizona nchini Marekani, hiyo sio sababu ya kutulia.

Korongo hili ni ufa wa zaidi ya kilomita 20 katikati ya miamba ya jangwani. Kuna sehemu ni jembamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Ukiinua macho, utaona magogo yamekwama juu kabisa ya kichwa chako. Yaliletwa na maji.

Maji hayo mara nyingi ni ya mvua iliyonyesha mbali. Ardhi ya huko ni mwamba na udongo mkavu usionyonya haraka, hivyo mvua kubwa ya muda mfupi tu inateremka yote na kubanwa humo ndani. Agosti 12, 1997, watalii 11 walikufa hivyo kwenye Antelope Canyon, korongo jingine jembamba la Arizona. Wakenya nao hawajasahau Hell's Gate, Naivasha, ambako mafuriko ya ghafla yaliua watu 7 Septemba 2019.

Kwa hiyo safari inaanza na kalenda. Julai hadi Septemba ndio msimu wa ngurumo. Wengi huchagua Aprili hadi Juni, au Oktoba. Hata hivyo mafuriko hayana mwezi maalumu. Asubuhi ya safari, angalia utabiri wa eneo lote linalomwaga maji korongoni, sio wa pale utakapoegesha gari tu, kisha waulize askari wa hifadhi. Wakisita, ahirisha.

Kulala humo kunahitaji kibali cha mtandaoni, na wanaoruhusiwa kuanza safari ya kulala ni watu 20 tu kwa siku. Wa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo wanalipia tu. Wengi wanateleza hapa: ukishapata kibali kwa tabu, unaona uchungu kukiacha. Lakini kibali kinakupa nafasi tu, hakizuii maji. Katikati ya korongo kuna njia moja ya kutokea, tena ya kuparamia miamba.

Mtandao wa simu usiutegemee. Pakua ramani mapema, na mwachie mtu ratiba yako pamoja na saa ya kuomba msaada usiporudi. Beba maji, kama lita 4 kwa mtu kwa siku, na kwa wanaolala, mfuko wa kubebea kinyesi chako kutoka nacho. Ndiyo, chako mwenyewe.

Njia ya kufika, House Rock Valley Road, ni ya vumbi, na ikinyesha hugeuka tope linalonasa hata magari ya kupanda milima. Ukiikuta imelowa, geuza gari hapo hapo.