Fuvu Zima, Ubongo Je?

Seoul, 1988. Robert Wangila wa Kenya na Laurent Boudouani wa Ufaransa wanagombea dhahabu, kila mmoja amevaa kofia ya kinga, kama Olimpiki ilivyodai tangu 1984. Raundi ya pili haikuisha: Wangila alishinda kwa nokauti. Sponji haikumfaa kitu Mfaransa.

Chukua nazi kavu uitikise sikioni. Sasa ivingirishe kwenye kanga, uitikise tena. Kifuu kimepata kinga. Maji yanacheza vilevile. Ubongo nao, wenye uzito wa karibu kilo 1.4, unaelea kwenye majimaji ndani ya fuvu. Kofia huzuia ngozi kuchanika, lakini konde la kidevuni likizungusha kichwa ghafla, ubongo huchelewa kufuata na nyuzi zake huvutika. Hapo ndipo bondia anapozimika.

Mwaka 2013 shirikisho la ndondi za ridhaa duniani likawavua wanaume kofia hizo, na Rio 2016 wakapigana vichwa wazi. Wanawake waliendelea kuzivaa.

Na glovu je? Wengi hudhani zinamhurumia anayepigwa. Mifupa ya kiganja ni myembamba, paji la uso ni gumu. Ngumi tupu ikilipiga sawasawa, mkono ndio unaovunjika. Sheria za Queensberry za 1867 zilipodai glovu, mkono ulipona, na kichwa kikawa cha kutwangwa kwa nguvu zote.

Marekani hali ilikuwa hiyohiyo kwenye futiboli yao. Kofia ngumu za plastiki ziliwapa vijana ujasiri wa kuvamia kwa utosi, shingo zikavunjika, hadi mwaka 1976 shule na vyuo vilipopiga marufuku mtindo huo. Raga yenyewe ilibaki na kofia laini, isiyozidi unene wa sentimita 1, ya kukinga masikio na ngozi tu. Kinachomlinda mchezaji ni sheria inayokataza kumkaba mtu juu ya mabega.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza klabu ya mwanangu ina kofia ngapi, ningeuliza refa wake ni nani, na daktari amekaa wapi.

Wangila aliingia ngumi za kulipwa, ambako hakuna kofia. Julai 1994, Las Vegas, refa alisimamisha pambano lake. Yeye akapinga, akitaka kuendelea. Muda mfupi baadaye alizimia, na hakuzinduka tena. Alikuwa na miaka 26.