Samaki wa mapambo: Hasara hutokea mfuko unapofunguliwa

Wafanyabiashara wa samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika hupata hasara wakati wanapodhani safari imekwisha. Mzigo hufika, samaki wako hai, mifuko inafunguliwa. Kesho yake baadhi wanaelea. Msafirishaji analaumiwa kwa kuchelewa, ilhali mara nyingi chanzo ni maji waliyowekwa.

Ziwa Tanganyika, ambalo Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia huligawana, lina maji ya alkali yenye pH inayokaribia 9. Hapo kuna vipimo viwili ambavyo wengi huvichanganya.

Ugumu wa maji ni kiasi cha kalsiamu na magnesiamu. Katika Tanganyika ni takriban miligramu 200 kwa lita, na sehemu kubwa ni magnesiamu. Ualkali ni uwezo wa maji kuzuia pH isishuke. Katika ziwa hilo ni zaidi ya miligramu 300 kwa lita.

Ualkali ni kama akiba ya benki. Taka za samaki hutoa amonia, na bakteria wanapoigeuza kuwa nitrati hutumia akiba hiyo. Kila miligramu moja ya naitrojeni ya amonia hula takriban miligramu 7 za ualkali. Akiba ikiisha, pH huporomoka ghafla.

Maji ya bomba ya Mwanza na Kampala hutoka Ziwa Victoria, ambalo ualkali wake ni karibu miligramu 50 tu. Mwenye tangi katika miji hiyo, awe na ghala au tangi moja sebuleni, ana akiba ndogo.

Jinsi ya kurekebisha

Pima kwanza. Gramu 5 za bekingi soda, yaani kijiko cha chai kimoja, katika lita 100 huongeza ualkali kwa takriban miligramu 30 kwa lita. Kutoka 50 hadi 200 zinahitajika gramu 25. Kwa ugumu, gramu 25 za chumvi ya Epsom katika lita 100 huongeza takriban miligramu 100 kwa lita.

Yeyusha kwenye ndoo kabla ya kumimina. Kama tangi lina samaki, gawa dozi kwa siku kadhaa. Kila unapobadilisha maji, tia dozi ya maji mapya tu. Usitumie magadi ya kupikia: hupandisha pH kwa haraka na usafi wake hutofautiana. Kokoto za matumbawe husaidia, lakini huyeyuka polepole.

Ndani ya mfuko

Samaki wakiwa safarini hutoa kabonidayoksaidi, na pH ya mfuko hushuka. Amonia hujilimbikiza, lakini kwa pH ya chini sehemu kubwa haina sumu kali. Mfuko ukifunguliwa, gesi hutoka na pH hupanda. Kwa nyuzijoto 25, amonia yenye sumu ni chini ya asilimia 1 kwenye pH 7, lakini hupita theluthi moja kwenye pH 9.

Kwa hiyo, baada ya safari ndefu usiache samaki kwenye mfuko uliofunguliwa huku ukiongeza maji kidogo kidogo kwa saa nyingi. Eleza mfuko ukiwa umefungwa hadi joto lilingane, ufungue, watoe samaki kwa wavu na uwatie kwenye maji yaliyoandaliwa mapema. Maji ya mfuko yamwage. Mtumaji naye asiwalishe samaki kwa siku moja au mbili kabla ya kufunga.

Kila katoni iandikwe pH, ualkali, ugumu na saa ya kufungwa. Mpokeaji ataandaa tangi kabla mzigo haujafika, na ukitokea ubishi, mfanyabiashara na msafirishaji watakuwa na namba za kuangalia badala ya kulaumiana. Vipimo vya maji ni gharama ndogo ukilinganisha na katoni moja ya samaki waliokufa.